Mwongozo kamili wa kukusanya na kugredi seti za zamani za sarafu za prufu: Marekani 1936 hadi 1964, na ile yetu ya Tanzania ya 1966

Wengi wanaoanza kukusanya hizi seti wananunua mwaka. Wanaona 1952, wanaona kiboksi kimechakaa vizuri, muuzaji kaandika "adimu sana", basi hela inatoka. Siku ya kuuza ndo wanaambiwa nusu dola ina mikwaruzo, senti imefanya madoa, tukupe bei ya madini tu. Kwenye prufu kinachouzwa ni uso wa sarafu, mwaka unakuja baadae, boksi linakuja mwisho kabisa. Ukiweza kuusoma uso, hayo mengine unajifunza taratibu, kwahiyo mwongozo huu sehemu kubwa utakuwa ni namna ya kuangalia.

Kwanza elewa prufu ni nini

Prufu sio daraja la usafi, ni namna ya kutengeneza. Sarafu ya kawaida inagongwa mara moja kwa kasi, inadondokea kwenye pipa na wenzake wanagongana humo mpaka benki. Ya prufu, kile kiduara kitupu cha chuma kinang'arishwa kwanza, mihuri ya kugongea nayo inang'arishwa, alafu inagongwa taratibu zaidi ya mara moja ili chuma kijae kwenye kila kona ya mchoro, na inatolewa kwa uangalifu. Ndo maana sehemu tupu, mi nitaziita uwanja, zinakuwa kioo kabisa, herufi zinakuwa na makali, na ukingo wa nje unakuwa mpana wenye kona kali, hauna ule mviringo laini wa sarafu ya kawaida.

Kwahiyo prufu iliyotumika dukani inabaki kuwa prufu, ila imeumia. Utakuta hata imepewa PR50, yaani prufu ya gredi 50 kwenye skeli ya 1 hadi 70. Na sarafu ya kawaida hata uing'arishe mwaka mzima haiwi prufu. Hili likae kichwani manake nusu ya utapeli unaanzia hapo.

Chagua miaka ya kuanzia

Mi nashauri Marekani, sio kwa mapenzi, ni kwa sababu zipo nyingi, bei zake zipo wazi, na rekodi za idadi zinajulikana. Kiwanda cha Philadelphia kilisimamisha prufu mwaka 1916, kikarudi 1936, kikasimama tena baada ya 1942 sababu ya vita, kikarudi 1950 na kuendelea mpaka 1964. 1965 mpaka 1967 hakukuwa na seti za prufu, na zilivyorudi 1968 zilihamia San Francisco zikiwa na alama ya S na ndani ya plastiki ngumu. Wakusanyaji wakisema seti za zamani mara nyingi wanamaanisha hizi za 1936-42 na 1950-64.

Kundi la kwanza ni la wenye nazo. 1936 robo dola za prufu zilikuwa 3,837 tu, kwahiyo seti kamili haziwezi kuzidi hapo. 1942 zikafika 21,120. Alafu miaka hiyo mtu alikuwa anaruhusiwa kuagiza sarafu moja moja, kwahiyo seti nyingi unazoziona leo ziliungwa baadae na wakusanyaji, mtu asikwambie eti "iko kwenye pakiti yake ya kiwandani" ukamwongezea hela. Ukifika huko kuna vitu vya kuangalia: senti 5 ya 1942 ipo ya aina mbili, ya nikeli ya kawaida na ile ya vita yenye fedha asilimia 35 na herufi P kubwa juu ya jengo, ndo maana seti ya 1942 ina sarafu tano au sita. Na nusu dola ya 1941 zipo ambazo herufi AW za mchoraji Adolph Weinman hazipo, sababu muhuri uling'arishwa mpaka zikafutika.

Kundi la pili ndo la kuanzia. 1950 zilitoka seti 51,386, 1953 zikawa 128,800, 1957 zikavuka milioni, zikawa 1,247,952, na 1964 zikafika 3,950,762. Bei ya kiwandani ilikuwa dola 2.10 kwa sarafu zenye thamani ya senti 91: senti moja ya Lincoln, senti 5 ya Jefferson, senti 10 ya Roosevelt, robo dola ya Washington na nusu dola ya Franklin, ambaye 1964 alimpisha Kennedy. Anza na 1959 hadi 1964. Ni rahisi, ni nyingi, ukikosea huumii, na jicho lako linajifunza kwenye sarafu zilezile ambazo utazinunua ghali huko mbele.

Jua bei ya chini kabla ya kufungua pochi

Senti 10, robo na nusu dola za miaka hiyo ni fedha asilimia 90. Uzito wake ni gramu 2.5, 6.25 na 12.5, jumla 21.25, toa shaba iliyochanganywa unabaki na gramu 19 na kidogo za fedha tupu, yaani kama aunsi 0.61. Zidisha na bei ya fedha ya siku hiyo, hiyo ndo sakafu. Seti ya 1962 yenye sura ya kawaida inatembea karibu na sakafu hiyo, na mtu anayekutajia mara tano yake lazima akuonyeshe kitu usoni kinachoilipia. Asipokuwa nacho, mwache.

Vifaa

Taa moja ya mezani yenye balbu ya mwanga mkali wa njano, sio tyubulaiti, manake mwanga wa tyubu unatawanyika na unaficha mikwaruzo midogo yote. Lenzi ya sonara ya mara 5 hadi 10 inatosha, ile ya mara 30 itakufanya uone dosari hata kwenye sarafu isiyo na tatizo. Kitambaa laini mezani, sarafu ikikuponyoka iangukie hapo. Mikono safi, shika ukingo tu, na usiongee ukiwa umeinamia sarafu, vitone vya mate vinaacha vidoa vyeusi miezi kadhaa baadae na havitoki. Glovu za pamba mi sizipendi, zinateleza.

Sasa kuangalia kwenyewe

Hapa usiharakishe. Anza bila lenzi. Zima taa za chumba, acha ile moja, shika sarafu kwa ukingo na uichezeshe taratibu chini ya mwanga, iinamishe mbele, nyuma, izungushe robo, rudia. Mwanga unatakiwa ukimbie juu ya uwanja kama kwenye kioo. Kama unakimbia huku unabeba nywele nywele nyingi za mistari zikielekea upande mmoja, basi kuna mtu aliifuta kwa kitambaa, pengine miaka ya 60 huko, na hilo haliponi.

Ila sio kila mstari ni mkwaruzo, na hapa ndo wengi wanakosa hela nzuri. Mistari ya kung'arisha muhuri inatokea kwenye sarafu ikiwa imeinuka, haijachimba, na inafika kwenye herufi au picha inaishia hapo, inaendelea upande wa pili ikiwa kwenye uwanja tu. Mkwaruzo wa kufuta umechimba, na unapita juu ya uwanja na juu ya shavu la Franklin bila kujali. Sasa ya kwanza ilitoka kiwandani na haipunguzi sana, ya pili inashusha gredi. Kuna na vialama vingine vidogo vilivyojikunja kama uzi, hivyo ni nyuzi za kitambaa zilizobaki kwenye muhuri zikagongwa pamoja na sarafu. Navyo ni vya kiwandani, vikiwa mbali na uso wa mtu havisumbui.

Baada ya mikwaruzo tafuta ukungu. Ni ule weupe au ubluu mwembamba unaofunika kioo, unatokana na hewa na vifungashio. Mwembamba unakubalika, mzito unaua kioo na kioo ndo ulichokinunua. Alafu angalia senti moja peke yake, hii ni ya shaba na ndo inawahi kuharibika: kama bado nyekundu inang'aa ni nzuri, ikichanganya nyekundu na kahawia bei inashuka, vidoa vyeusi vikiwa usoni kwa Lincoln ndo kabisa. Seti nyingi za miaka ya 50 zina sarafu nne safi na senti moja imeharibika, na muuzaji mjanja anapiga picha kwa pembe ambayo senti haionekani vizuri.

Sarafu ikiwa bado ndani ya plastiki bapa unajiuliza mkwaruzo uko kwenye plastiki au kwenye chuma. Inamisha polepole: wa plastiki unahama kuliko picha iliyo chini yake, wa sarafu umeganda palepale.

Mwisho ndo lenzi. Pitia shavu, nywele, kengele upande wa nyuma wa Franklin, alafu ukingo mzima.

Kameo, ambako hela ilipo

Zamani mihuri ya prufu ilichovywa kwenye asidi ikawa na chembechembe, kisha uwanja wake ukang'arishwa, sehemu ya picha ikaachwa hivyohivyo. Sarafu za kwanza kutoka kwenye muhuri huo zinakuwa na picha nyeupe isiyong'aa juu ya uwanja unaoonekana mweusi. Hiyo ndo kameo. Tatizo ni kwamba ule weupe ulikuwa unaisha haraka kadri muhuri unavyogonga, sarafu zilizofuata zikatoka zinang'aa picha na uwanja vyote. Mwaka mmoja, muhuri mmoja, seti ileile ya dola 2.10, moja leo ni bei ya madini na nyingine ni mara nyingi zaidi.

Za 1936-42 kameo ni nadra sana kwa sababu mihuri iling'arishwa yote na picha zake. Za 1950 hadi 1953 nazo ni ngumu. Kuanzia katikati ya miaka ya 50 zinaanza kuonekana, na miaka ya 60 unaweza kuzikuta ukipekua seti nyingi kwa uvumilivu.

Kampuni za kugredi zina ngazi mbili, kameo ya kawaida na ile nzito, PCGS wanaiita Deep Cameo na NGC wanaiita Ultra Cameo. Sharti lake, na watu wanalisahau, ni lazima pande zote mbili ziwe nayo. Utakutana na Franklin mbele kichwa cheupe kabisa, unageuza nyuma kengele inang'aa kama uwanja, hiyo haipewi jina la kameo. Ni nzuri kuwa nayo, ila usilipe bei ya kameo. Angalia na mapengo: weupe ukiwa umeisha kwenye shavu tu au kwenye bega, wengi wanaishusha. Na usiamini picha ya mtandaoni yenye uwanja mweusi tii, mpiga picha akijua kuweka taa anaweza kuifanya sarafu yoyote ionekane kameo, omba video fupi sarafu ikiinamishwa.

Namba za gredi

Skeli ni ya 1 hadi 70, ilianza na William Sheldon mwaka 1949, na PCGS waliofungua 1986 na NGC 1987 ndo waliifanya iwe ya kila mtu. Kwa prufu inaandikwa PR au PF mbele. Kuanzia 60 kwenda juu ni ambazo hazijatumika. Kwa matumizi ya nyumbani mi naziona hivi: mikwaruzo unaiona kwa macho bila kutafuta, hiyo ni 60 hadi 63. Unaiona ukiinamisha tu kwenye taa, 64. Unahitaji kutafuta na kilichopo hakiko usoni, 65 na 66. Lenzi inakuonyesha kidogo sana, 67. Ya 68 kwenda juu kwa miaka hii usijipe mwenyewe, waachie wenye kazi yao. Na seti nzima inauzwa kwa sarafu yake dhaifu, hasa nusu dola ikiwa ndo dhaifu, manake ndo kubwa na ndo wanunuzi wanaiangalia kwanza.

Ukimaliza kugredi andika namba yako kwenye karatasi, kaa siku mbili, rudia bila kuangalia ile ya kwanza. Zikipishana kwa zaidi ya moja jicho bado, endelea na za bei ndogo.

Matoleo ya kuyajua kabla muuzaji hajayajua

1956 nusu dola ina tai wa aina mbili upande wa nyuma, ile ya kwanza ndo ngumu kupata. 1960 senti moja ina tarehe kubwa na tarehe ndogo, ndogo ndo inatafutwa. 1961 kuna nusu dola yenye maandishi yaliyorudufika nyuma. 1964 kuna Kennedy ya nywele nzito, mistari ya nywele juu ya sikio ni minene na ile I ya LIBERTY mguu wake wa chini kushoto haupo, mchoro ulibadilishwa mapema kwahiyo ni chache ndani ya hizo karibu milioni nne. Hiyo ya 1964 bado inapatikana ndani ya seti za kawaida kwa muuzaji asiyeangalia, na hicho ndo kisa mi bado napekua za mwaka huo.

Kununua

Vifungashio vinakusaidia kujua mwaka ila visikuroge. 1950 hadi mwanzoni mwa 1955 kila sarafu ilikuwa kwenye kifuko chake cha selofani, vifuko vimebanwa pamoja kwa pini ya stepla ndani ya kiboksi cha karatasi. Katikati ya 1955 wakahamia plastiki bapa ndani ya bahasha. Bahasha "haijawahi kufunguliwa" usiilipie zaidi. Wanaouza kwa wingi walishazipekua, kameo zikatolewa, zilizobaki zikafungwa tena, na gundi ya bahasha haikusimulii chochote.

Ukinunua iliyo kwenye slabu ya PCGS au NGC, yaani kasha gumu la plastiki wanalofungia sarafu waliyoigredi, ingiza namba yake kwenye tovuti yao na ulinganishe picha na sarafu yenyewe, manake slabu nazo zinafojiwa, namba ya kweli wanaiweka kwenye slabu feki. Kama una ndugu Marekani, mtumie yeye apokee na akupigie video kabla ya muda wa kurudisha mzigo kuisha, usisubiri aje likizo Desemba.

Ya kwetu, 1966

Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa Juni 14, 1966, ndo shilingi ya Afrika Mashariki ya zamani ikaanza kutupisha. Sarafu zetu za kwanza zilichorwa na Christopher Ironside, huyohuyo aliyechora sarafu za desimali za Uingereza, zikagongwa London: senti 5 yenye samaki sulisuli, senti 20 mbuni, senti 50 sungura, na shilingi yenye mkono ulioshika mwenge, zote upande wa pili Mwalimu Nyerere. Seti za prufu zilikuwa 5,500. Za Kenya za 1966 ni habari nyingine kabisa, katalogi zinataja 27, kwahiyo anayekuuzia moja kwa bei ya chai mwombe karatasi zake.

Ya Tanzania haina fedha ndani, kwahiyo hakuna sakafu ya madini, ni uso mtupu. Na hapa sokoni kuna ugonjwa wa kuchukua shilingi ya kawaida ya 1966, kuipiga Brasso au ndimu na majivu, alafu kuiita prufu. Kuitambua sio kazi: iliyosuguliwa inang'aa uwanja na shavu sawasawa, herufi zake zimelainika, na mistari ya kusugua inapanda mpaka juu ya mwenge. Prufu halisi herufi zinakata, ukingo una kona, na ukiweka gazeti juu ya uwanja unasoma maandishi yake humo ndani.

Kutunza

Usioshe. Usifute hata vumbi, lipulize kwa kile kipira cha kupulizia kamera. Seti ikiwa na pini za stepla, zitoe mapema, zinashika kutu na kutu inahamia kwenye sarafu. Selofani iliyogeuka njano nayo itoe, hamisha sarafu kwenye kapsuli ngumu au kifuko cha Mylar. Plastiki laini ya PVC ni adui, inaacha utelezi wa kijani. Ukishatokea, loweka sarafu ya fedha kwenye asetoni safi ndani ya glasi, dirisha wazi na mbali na moto, itoe iache ikauke yenyewe, usiisugue. Ya dukani ya kufutia rangi ya kucha haifai, ina manukato na mafuta. Ya shaba mi naiacha hivyo hivyo.

Kwa mnaokaa Tanga, Mombasa, Unguja, hewa ya chumvi ndo tatizo kubwa kuliko wizi. Weka kapsuli ndani ya boksi linalofunga vizuri pamoja na silika jeli, na hiyo jeli ikaushe au ibadilishe, watu wanaiweka mara moja wanasahau. Kabati la mbao mbichi na karatasi za magazeti vinatoa mvuke unaotia fedha weusi.

Kupeleka kugrediwa au kutopeleka

Hesabu yake ni fupi. Jumlisha ada, usafiri wa kwenda na kurudi na bima. Kama sarafu ikipata gredi unayoitegemea minus moja bado inazidi gharama hizo pamoja na bei uliyonunulia, peleka. Kwa 1956-64 bila kameo karibu kila mara jibu ni hapana. Kwa kameo ya pande zote, kwa 1936-42 zilizo safi, na kwa ile Kennedy ya nywele nzito, mara nyingi ndio. Na huhitaji kupeleka seti nzima, toa ile moja inayostahili, nne zilizobaki ziuze au zihifadhi. Kabla ya kutuma piga picha pande zote na video ya kuinamisha chini ya ile taa yako moja, andika uzito, na uandike gredi uliyoipa mwenyewe, ili jibu likirudi ulinganishe jicho lako na lao.